Mbwa Uliyemnunua kwa Mahari Yako

Kaka yangu Masanja,

Shikamoo. Nywele zangu zimeshakuwa nyeupe, na umri ulioishia wewe niliupita zamani, lakini ukubwa ni wako na shikamoo ni yako. Ukitaka kucheka kwamba mzee mzima anamwamkia kijana, cheka. Nilikulia kwenye kicheko chako.

Nina habari ya mama ya kukuletea, nayo ndiyo iliyonikalisha kuandika. Lakini unanijua. Mimi ni mwalimu, siwezi kufika mlangoni kabla sijazunguka nyumba. Nivumilie kidogo.

Juzi binti yangu mdogo, Sayi, alinisogezea simu yake nione picha ya kitoto cha mbwa. Muuzaji yuko mji mwingine, mbwa angetumwa kwa basi hadi stendi ya Buzuruga, ndani ya boksi. "Baba, ni jamani shefadi, wale mbwa wa polisi, safi kabisa, na bei yenyewe ni ya kutupa." Nikamuuliza kama amemwona mama wa huyo mbwa. "Mama wa nini, baba? Mimi nanunua mtoto." Nikacheka, halafu nikaacha, maana swali lile halikuwa langu. Lilikuwa la Mama Kokugonza, na siku tulipofundishwa swali hilo tulikuwa wote, wewe umeshika jogoo.

Unaikumbuka ile miaka. Wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia kijijini na malori yao, mitumba ikajaa Mwanza nzima, na viwanda vikaanza kusemwasemwa kwamba vinauzwa. Wewe ulikuwa unafuma vitambaa kiwandani Nyakato. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu nikisoma kwa mshahara wako. Mama alikuwa ng'ambo ya ziwa, kule mbele ya Busisi, peke yake tangu tulipomzika baba.

Ndipo Bibi Milembe wa kitongoji cha pili akauawa. Walimkuta asubuhi mlangoni kwake, na kosa lake lilikuwa macho mekundu, ambayo watu waliyaita macho ya mchawi. Mama naye macho yake yalikuwa mekundu. Mwanamke aliyepika maisha yake yote kwa mabua ya pamba na samadi kavu atakuwa na macho ya rangi gani? Lakini mwaka ule watu walikuwa hawaulizi hivyo. Mjukuu wa Mzee Ndaki, jirani yetu, alikufa kwa homa, na baada ya hapo wanawake wakaacha kupita kwa mama kuomba moto. Wakikutana naye kisimani wanaangalia ndoo zao. Kisha yule mbwa wake wa manjano akakutwa amekufa pembeni ya zizi, povu mdomoni.

Ulisema, "Wameanza na mbwa." Hukumalizia, wala mimi sikutaka umalizie.

Tukamwomba mama ahamie mjini. Akatusikiliza vizuri, akatupa ugali na maziwa ya mgando, halafu akasema, "Nikihama watasema wamepata jibu lao. Na baba yenu nimwache na nani?" Alikuwa anaangalia kaburi. Hapo tukajua hatoki.

Mlinzi wa kiwandani kwenu ndiye aliyekwambia habari za mjane mmoja Mhaya, nesi mstaafu, anayefuga mbwa wa polisi huko Buzuruga. Si machotara, wenyewe hasa. Mbwa wasiokula chakula cha mtu wasiyemjua. Ukanifuata chuoni Jumamosi, umenyoa, umechomekea shati, na kwapani una jogoo mwekundu. Kwetu mbwa hakununuliwa. Mbwa wa jirani akizaa, unaomba mtoto, unaacha kuku kama shukrani, mambo yamekwisha. Ukasema kwa kuwa huyu ni mbwa wa hali ya juu, umeamua kupeleka jogoo badala ya tetea. Nami msomi nikakubali kwamba umefikiria vizuri.

Mama Kokugonza alitufungulia geti mwenyewe. Mwembamba, kitenge kimepigwa pasi, miwani kifuani.

"Huyo jogoo vipi?"

"Ni wa mbwa, mama," ukajibu.

"Mbwa wangu hawali jogoo mzima."

"Si wa kula, mama. Ni wa kumchukulia."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya geti. Hakutucheka kwa dharau, lakini mimi nilitamani kujificha nyuma ya jogoo. Akatupeleka uani, akatuonyesha kwanza jike kubwa lililolala kivulini, masikio juu, likitutazama kama mkaguzi wa shule. Unajua nilivyokuwa naogopa mbwa. Nusura niliamkie. "Huyu ndiye mama yao," akasema. "Amezaa, sasa atapumzika, msimu ujao hazai. Mtu akitaka kukuuzia mtoto wa mbwa na hataki umwone mama yake, muage uondoke."

Kisha akataja bei. Ulinitazama, kama vile mwanafunzi wa ualimu anajua namna ya kuipunguza. Kwa bei ya mnada wa siku zile, ilikuwa ng'ombe wawili. Nikawaza, kila kitu kimefunguliwa nchi hii, kumbe na bei za mbwa zimefunguliwa.

"Mnaiona kubwa," akasema Mama Kokugonza, "kwa sababu ninyi mnaanza kulipa leo. Mimi nimeanza kabla hawajazaliwa. Maziwa, nyama, chanjo, dawa ya minyoo. Na mbwa huyu akipata kwenu ugonjwa aliotoka nao hapa, ninyi mnakuja, mimi nawarudishia chenu. Anayewapa bure atawarudishia nini?"

Ulimweka jogoo chini. Halafu ukasema, taratibu, "Nina mitamba wawili." Nilijua mitamba hao ni wa kazi gani. Walikuwa mahari ya Limi, mchumba wako. Mshahara wako wa miaka kadhaa ulikuwa umesimama zizini kwa mama ukitafuna majani, ukisubiri siku ya kupelekwa kwa baba yake Limi.

Mama Kokugonza akakupa kitoto ukishike. Ulikishika vizuri, nakiri, kama mtu aliyewahi kulea. Akaanza maswali yake. Atakula nini? Ugali na dagaa, na maziwa yapo. Vizuri. Atalala wapi? Ukavimba kifua. "Mama, hilo nimeshaliandaa. Mchana tutamfungia kwenye banda la giza asimwone mtu. Usiku tunamfungulia. Na nyigu nimeshawapata, kiota kizima kiko kwenye debe."

"Nyigu wa nini?"

"Wa kumlisha, awe mkali."

Alikuja, akakichukua kitoto mikononi mwako kama nesi anavyomchukua mtoto kwa mlevi, akakirudisha kwa mama yake. "Chai mtakunywa," akasema. "Mbwa hampati."

Tulikunywa ile chai kama dawa. Jogoo wetu akawa anatembea chini ya meza, hana habari. Ndipo akauliza, sauti imeshuka, "Nani hasa mnamwogopa kiasi hicho?" Ukamweleza. Bibi Milembe, yule mbwa wa manjano, ndoo za kisimani. Ulieleza huku unaangalia kikombe. Alipoweka chake mezani miwani ilikuwa imeingia ukungu.

"Mleteni mama yenu mwenyewe. Mbwa simuuzii mtu ambaye hatakaa naye."

Mitamba tulikwenda kuwatoa zizini wiki iliyofuata. Mama alisimama akazuia mlango kwa mwili wake. "Masanja, hawa ni wa mke wako. Mimi nimeshaishi."

"Ng'ombe nitatafuta wengine, mama."

"Utatafuta wapi?"

"Nina mikono."

Aliendelea kusimama pale. Wewe ukamwinua kwapani kama gunia la pamba, ukamweka pembeni, naye akawa anakupiga begani na kucheka na kulia kwa pamoja. Ni mara ya mwisho niliyomwona akilia mbele ya watu.

Siku tuliyompeleka Buzuruga alivaa gauni la Pasaka. Mimi nilidhani ataona haya mbele ya nesi. Thubutu. Aliketi kwenye kigoda alichopewa, akalitazama lile jike, jike likamtazama, akaanza mnada.

"Ng'ombe wawili. Huyu anakamuliwa?"

"Hakamuliwi," akajibu Mama Kokugonza.

"Anavuta jembe?"

"Havuti."

"Basi ana kazi gani ya kumshinda ng'ombe?"

"Atakuwa na wewe."

Mama akaacha mnada. Nadhani tangu baba afariki hakuna aliyekuwa amemwambia maneno hayo. Sisi tulikuwa tunamwambia habari za kuhama.

Wewe ulitaka kile kidume kilichokuwa kinawang'ata wenzake masikio. Mama Kokugonza akasema, "Mbwa hamchagui ninyi, nachagua mimi." Akatoa kijike kimoja kimya, kikaja moja kwa moja kikalala juu ya mguu wa mama. Kisha akatoa masharti, na sharti moja lilitushangaza kuliko bei. Miezi yote ya mwanzo huyu mbwa ashikwe na watu. Watoto wamshike, wazee wenye fimbo wamshike, wanawake wenye ndoo kichwani awaone mpaka awazoee. "Mbwa asiyejua watu atamng'ata kila mtu, na mbwa wa namna hiyo watu watamuua. Anayewajua watu atamjua na mwenye nia mbaya."

Mama akasema, "Watu hawaji kwangu."

"Basi wewe nenda kwao."

Wewe ulikuwa unafikiria meno. Sote tulikuwa tunafikiria meno. Nilikuona ukikunja uso njia nzima hadi Kigongo: ng'ombe wawili, halafu mbwa wa kushikwashikwa na watoto. Kwenye kivuko mama alikukabidhi mkono wake, mimi nikakabidhiwa kitoto, nacho kikamaliza haja zake zote kwenye suruali yangu ya kufundishia kabla hatujafika Busisi. Ulisema, "Mwalimu, umeshabatizwa." Abiria wakacheka, nami nikacheka, na mama akacheka. Nikivuka pale leo, juu ya daraja, dakika chache tu na umefika, huwa nasikia ile sauti yako ikitoka chini kwenye maji.

Mama alimwita Sajenti, kwa kuwa watu walisema ni mbwa wa polisi. Na alifanya alivyoambiwa, maana kwa mama neno la nesi lilikuwa neno la serikali. Alimbeba kwenye kikapu hadi mashine ya kusaga. Hadi kisimani. Hadi kanisani, akamwacha mlangoni na watoto. Watoto ndio waliokuja kwanza, watoto hawajui kuogopa kwa muda mrefu. Mzee Ndaki akatoka na fimbo. "Bibi, huyo jini wako atang'ata wajukuu wangu."

"Ndiyo maana nimekuletea. Mshike akuzoee."

"Nimshike mimi?"

"Wewe ndiye mwenye fimbo."

Mama aliniambia mzee alimshika kwa mikono iliyonyooka mbele, kama mtu aliyepewa sufuria la moto. Sajenti akamlamba kidevu. Ni vigumu kuendelea kumwogopa mtu ambaye umemshikia mbwa wake huku anakutafutia kigoda ukae. Sisemi minong'ono iliisha siku ile. Ilipungua kama homa inavyopungua, leo nafuu, kesho imerudi kidogo. Wanawake wakaanza tena kupita kuomba moto.

Msimu wa kuvuna pamba, mchana, vijana wawili wasiojulikana walikuja na baiskeli wakiuliza nyumba ya bibi mwenye macho mekundu. Walimuuliza Mzee Ndaki, kati ya watu wote. Alituambia baadaye, wewe ukiwepo, amekaa pale pale kwenye kigoda cha mama. "Niliwaambia hapa hakuna bibi wa hivyo. Kuna mama yake Masanja na mbwa wake. Nikaita watu. Wakaondoka wakizisukuma baiskeli zao, hawakupanda." Sajenti wakati huo alikuwa amelala uani, wajukuu wa mzee wakimvuta masikio. Hakubweka hata kidogo. Mbwa yule hakumng'ata mtu mpaka anakufa.

Ulitoka nje. Nilikufuata nikakukuta umeinama nyuma ya zizi lililokuwa nusu tupu, umeshika magoti, unapumua kama mtu aliyetoka kubeba mzigo mzito. "Imelipa," ukaniambia. "Mabula, imelipa."

Lakini wewe mlipaji ulikuwa bado unalipa. Baba yake Limi alikupokea vizuri, akakukalisha, akakwambia binti yupo na hana neno nawe, ila uje na ng'ombe. Ulimwomba msimu mmoja. Pale kijijini vijana wakatunga utani, na utani wa kwetu unaujua ulivyo na meno: "Masanja ameshaoa, mkewe anaitwa Sajenti." Ulikuwa unacheka nao, unaongeza na wewe wa kwako. Ulisema mke wako hakuulizi umetoka wapi. Limi aliposikia hayo hakucheka. Mwisho wa mwaka aliolewa na mtu wa Magu, mnunuzi wa pamba. Siku ya harusi ulikwenda kucheza ngoma mpaka vumbi likakufika kiunoni, na watu wakasema huyu jamaa hana moyo. Mimi niliyetembea nawe kurudi ndiye ninayejua.

Baada ya hapo kiwanda kikapunguza watu, na wewe ukawa miongoni mwa waliopunguzwa. Ungeweza kukaa na mama ukalima. Ukasema hapana, uliahidi ng'ombe, zizi haliwezi kubaki vile. Ukaenda Geita kwenye machimbo. Ulipita chuoni kuniaga, ukanipa shati lako la kuchomekea, ukasema kule chini halina kazi. Nilikutania kwamba umekuwa tajiri kabla ya dhahabu. Ulinipiga kofi la mgongo. Shati lile lilinibana, nikalivaa hivyo hivyo mpaka likaisha.

Mvua za mwaka ule hazikuwa mvua za kawaida. Shimo lenu lilijaa maji na udongo mkiwa chini. Wenzako walichimba, na mimi nilikwenda nikachimba nao, mikono hii ya chaki, mpaka wakubwa wa pale wakatuondoa kwa sababu ukingo wote ulikuwa unashuka. Hatukukupata. Nilirudi kwa mama bila kitu cha kuzika.

Hakupiga kelele. Aliniuliza kama ulikuwa umekula kabla hujashuka. Nikamwambia ndiyo, maana wenzako walisema mlikula wali. Akaenda akakaa chini ukutani, Sajenti akaja akaweka kichwa pajani kwake, wakakaa hivyo siku nzima, na majirani wakajaa ua mzima wakakaa nao. Zamani watu wakimuuliza mbwa huyu mlimnunua kwa kiasi gani, alikuwa anajibu kwa majigambo: ng'ombe wawili, tena mitamba. Baada ya siku ile akawa anajibu, "Siwezi kusema." Wageni walidhani anaficha bei.

Nimeishi na hesabu hiyo muda mrefu, kaka. Kuna miaka nilimkasirikia mbwa. Kuna miaka nilimkasirikia Mama Kokugonza, Mungu amrehemu, kwa bei yake, ingawa hakutudanganya hata senti. Nilifikiri, angekubali jogoo, ungekuwa na wajukuu sasa. Kisha naenda kumsalimia mama, namkuta anapukuchua mahindi na wanawake wanne, wanasengenya hata mimi, na hasira inaniisha naambulia kukaa. Nimeshindwa kuitoa ile hesabu. Upande mmoja namkuta mama, upande mwingine nakukuta wewe, nami nawataka wote.

Basi, nimefika mlangoni.

Mama amefariki, kaka. Alifariki kitandani kwake, mchana, baada ya kunywa uji na kuulalamikia kwamba hauna chumvi. Alikuwa mzee kuliko mtu yeyote kitongojini. Hakuna aliyemgusa. Mabinti wa wale walioangalia ndoo zao kisimani ndio waliomwosha. Wana wa Mzee Ndaki ndio waliochimba kaburi, pembeni ya baba, na walikataa chakula mpaka wamalize. Watu walikuwa wengi hadi wengine walisimama shambani. Nilisimama nikawaangalia mmoja mmoja, nikitaka uwaone kwa macho yangu, kwa kuwa hiki ndicho ulichokinunua.

Wakati wa udongo ulipofika, mzee wa ukoo akaita, "Mtoto wa kwanza asogee." Nilibaki nimesimama kama mwanafunzi aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Akarudia, kwa upole, akinitazama mimi. Nikasogea. Nikachota udongo, nikautupa, nikakutaja moyoni. Halafu nikainama tena.

Mzee akaninong'oneza, "Mwalimu, ni mara moja tu."

Nikamwambia, "Tuko wawili."

Akanipisha.

Lala kaka, popote ulipo chini ya milima ile. Mama yuko nyumbani kwake.

Mdogo wako,
Mabula